Mtani Aliyetaka Kujibiwa

Siku tuliyomzika bibi mzaa mama, mtani wangu alijilaza chali katikati ya njia ya makaburini, kofia ameiweka usoni, akasema mwili haupiti. Waliobeba jeneza wakasimama juani.

"Huyu bibi amekunywa maji yetu Ugogo na hakulipa," alisema kutoka chini ya kofia. "Leteni hongo, ushuru wa njia."

"Bibi hakuwahi kufika hata Manyoni!" mjomba wangu alimjibu.

"Basi babu yake alifika. Leteni jogoo, au mzikeni hapa hapa barabarani, bodaboda zimpitie."

Mama yangu hakuwa amekula wala kusema neno tangu msiba uingie. Aliposikia habari ya bodaboda alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla kama kikohozi, akaziba mdomo kwa khanga, kisha akalia vizuri, kilio cha mtu aliyepewa ruhusa. Jogoo akaletwa. Mtani akainuka, akajipangusa vumbi, akashika jeneza upande wa mbele na hakuliachia mpaka kaburini. Jioni yake alimla yule jogoo peke yake, mbele ya wafiwa, akisifia mchuzi.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze kidogo. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Wazee wetu walibeba mizigo kutoka Tabora kwenda pwani, na njiani walipita Ugogo, nchi kavu, ambako kila kisima kilikuwa na mwenyewe na kila mwenyewe alitaka hongo. Walipigana, wakachoka, wakabaki na haki ya kutukanana. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, hata mbele ya wakwe, nawe hukasiriki. Unachotakiwa ni kimoja tu: umjibu. Ukikaa kimya umemvunjia heshima.

Yeye alikuwa Mgogo wangu. Ukimuuliza kwao hasa ni wapi alikuambia amezaliwa behewa la tatu. Alikuwa amestaafu kazi ya kukagua tiketi kwenye treni ya Reli ya Kati, akaoa Mnyamwezi wa Sikonge, akajenga hapa Tabora, mtaa wa Isevya, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi aliniita Mpagazi, kama alivyowaita Wanyamwezi wote, isipokuwa mkewe, ambaye alimwita Mheshimiwa.

Naandika habari zake nikiwa na aibu, na sitaificha mpaka mwisho kana kwamba ni kitendawili. Alinipa kazi moja. Alitaka kuiona kwa macho yake mwenyewe wakati macho bado yanaona. Nami niliichelewesha, si kwa uvivu, bali kwa kuchagua.

Kazi yenyewe ilitokana na ulimi wake. Miaka yote aliyokagua tiketi alikuwa akikusanya utani. Akiingia behewani hakuuliza tiketi kwanza, aliuliza kabila. Akimpata Mzaramo na Mnyamwezi aliwahamisha viti wakae wakitazamana, akasimama mlangoni kusikiliza. Alijua Mhehe anamtania nani, na nani aliwahi kumwibia nani ng'ombe mpaka wajukuu wakaruhusiwa kucheka. Alisema behewa lenye watani halina haja ya taa wala ya chakula, na halina mwizi, kwa sababu hakuna anayelala.

Alipostaafu alianza kuuandika. Ndipo tukajuana zaidi ya ujirani, kwa sababu mimi nafanya kazi kwenye duka la steshenari karibu na stesheni. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, naskani vyeti. Muda unaobaki natengeneza tovuti. Sikusomea. Nilijifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa video za watu wanaoongea haraka, na kwa kukosea. Mtani alikuwa akija asubuhi kabla wateja hawajawa wengi, amevaa koti lake la reli lililopauka, anaketi kwenye kompyuta ya pembeni na kuchapa kwa vidole viwili vya shahada, akipiga kila herufi kama anayeua sisimizi.

Aliandika kwenye notipadi, ile programu nyeupe tupu inayokuja na kompyuta yenyewe. Siku za mwanzo nilimhurumia. Nikamfungulia programu nzuri zaidi ya kuandikia.

"Hii inafanya nini?" aliuliza.

"Inakuonyesha makosa, babu."

"Makosa ya nani?"

Akaandika mistari miwili. Maneno yote ya Kigogo na ya Kinyamwezi yakapigiwa mstari mwekundu, na nusu ya yale ya Kiswahili pia. Akayatazama kwa muda.

"Mpagazi," alisema, "huyu mzungu wako ananisahihisha jina la mama mkwe. Nirudishie karatasi yangu."

Hakuiacha notipadi tena. Alisema anaipenda kwa sababu haina mdomo. Unaandika, inanyamaza.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa mambo rahisi. Vitu alivichagua haraka na vibaya, maneno aliyachagua polepole mno, na sikuwahi kuelewa vipi mtu mmoja anakaa na tabia hizo mbili. Sokoni alinunua mchicha wa kwanza kuuona, hata ukiwa umelala. Viatu alinunua bila kujaribu, vikambana, akavivaa hivyo hivyo mwezi mzima akisema kiatu ni mwanafunzi, kitaelewa. Hata kanisa alilichagua kwa sababu siku treni ilipomleta kuhamia Tabora kwaya ilikuwa ikiimba karibu na stesheni, akawafuata, na hakuhama. "Chagua upesi, ujute polepole," ndiyo kauli yake. "Majuto yana muda wote. Uchaguzi hauna."

Lakini mtu huyo huyo alikaa wiki nzima akibadilisha neno moja kwenye utani wa Mzaramo aliyelala harusini. Aamshwe na mbuzi au aamshwe na ng'ombe? Aliandika mbuzi, akaondoka. Kesho yake akafuta, akaandika ng'ombe. Kesho kutwa akaniuliza mimi.

"Mbuzi," nilisema.

"Kwa nini?"

"Mbuzi anachekesha."

"Ndiyo maana mlibeba mizigo. Mbuzi anachekesha akiwa nje. Akiwa ndani ya nyumba, anayechekesha ni ng'ombe." Akaandika ng'ombe. Jioni nilipofungua faili kulihifadhi, nilikuta mbuzi.

Alikuwa pia mwongo kidogo. Alihubiri kwamba katika utani hakuna mshindi, kwamba anayeshinda ameua mchezo. Lakini niliposoma mkusanyiko wake wote niligundua kwamba kila penye Mgogo, Mgogo ndiye anayesema neno la mwisho. Nilimuuliza. Hakupepesa.

"Nimehariri," alisema.

Hiyo ndiyo sababu, nadhani, iliyomfanya atake mtandao na asitake kitabu. Mchungaji wake alimshauri achape kitabu. Mtani alikataa mbele yangu. "Kitabu hakijibu," alisema. "Utani wa upande mmoja ni matusi tu. Hawa watu niliwasikia, nikawaandika, nikawapunja. Nataka wanisome, wanijibu, halafu nisome walivyonijibu. Nisome mimi. Nisisomewe." Akanigeukia. "Mpagazi, si unatengeneza hizo tovuti? Nibebee huu mzigo."

Nilikubali siku hiyo hiyo. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula mchana.

Sasa nieleze nilivyo, maana bila hilo haieleweki. Mimi ni mtu anayefua shati safi. Nikituma ujumbe nausoma mara nyingi baada ya kuutuma. Kabla ya kazi ya mtani nilikuwa nimetengeneza tovuti moja tu iliyoonwa na watu, ya kwaya ya kigangoni kwetu. Siku ya kuizindua alikuwepo kijana aliyesoma mambo hayo Dar es Salaam. Aliifungua kwenye simu yake, akasubiri, akasubiri, picha zikaja nusu, akasema kwa upole kabisa, "Si mbaya. Ni kama ya watoto wanaojifunza." Kila mtu aliendelea kula pilau. Mimi sijaendelea mpaka leo.

Kwa hiyo niliapa kwamba ya mtani haitachelewa kufunguka wala kukatika, na haitakuwa na kasoro ambayo mtu wa Dar anaweza kuionyesha kwa kidole. Nikaanza na hostingi.

Mtani aliniuliza hostingi ndiyo nini. Nilimwambia tovuti haikai hewani, inakaa ndani ya kompyuta ya mtu mwingine, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, na mwenye kompyuta hiyo unamlipa.

"Kumbe ni kambi," alisema mara moja. "Unatua mzigo kwa watu, unalipa hongo, wanakupa maji. Basi tua."

"Babu, kuna kambi nyingi. Nyingine ni za bure lakini zinabandika matangazo yao kwenye ukurasa wako. Nyingine kompyuta zake ziko Ulaya, mtu wa Urambo akifungua atasubiri. Za hapa nchini unalipia kwa simu, lakini kuna watu wanalalamika zinazimika. Nyingine bei ya mwaka wa kwanza ni ndogo, wa pili inapanda."

"Na wewe unataka ipi?"

"Bado nalinganisha."

"Mpagazi anayepima mizigo yote ya msafara," alisema, "jua linamkuta bado yuko Kwihara, hajaiacha hata Tabora."

Nilicheka. Nikamwambia Mgogo hana haki ya kumfundisha Mnyamwezi safari, maana yeye alikaa kisimani akisubiri wanaosafiri. Tulifurahi sana wote wawili. Nikarudi kulinganisha.

Nililinganisha majira yote ya kiangazi. Nilisoma maoni ya watu nisiowajua kuhusu kampuni nisizozijua. Mtu mmoja akiisifu kampuni niliichagua, mwingine akiiponda niliiacha. Nilijiunga na kundi la watengeneza tovuti kwenye simu nikauliza swali, watu wakagombana siku mbili kwa sababu ya swali langu, nikatoka nikiwa na mashaka zaidi. Niliwahi kufika mpaka ukurasa wa kulipia, kidole kiko juu ya kitufe, nikajiuliza kama jina la tovuti liwe na kistari katikati au lisiwe nacho. Nikaufunga ule ukurasa niende kufikiri.

Wakati nafikiri habari ya hostingi, niliona nisikae bure, nichague kwanza programu ya kuandikia msimbo, ile lugha inayounda tovuti. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Kuna programu inayokumalizia maneno. Kuna nyepesi isiyosumbua kompyuta ya zamani kama yetu ya dukani. Kuna moja ambayo wajuzi wanaisifu sana, lakini kuifunga tu lazima ujue amri yake, na siku ya kwanza nilishindwa kutoka nikazima kompyuta kwa kuchomoa waya. Nilizisimika, nikaziondoa, nikazisimika tena. Nilibadilisha rangi ya nyuma kuwa nyeusi, kisha buluu ya giza, kisha nyeusi nyingine. Niliandika ukurasa wa kwanza wa tovuti ya mtani katika programu nne tofauti, na ulikuwa ukurasa ule ule.

Naye alikuwa anakuja kila asubuhi. "Mpagazi, umefika wapi?"

"Nachagua kalamu, babu."

"Mimi nimeshaandika kwa kidole, wewe unachagua kalamu."

Sikumwona akikasirika hata siku moja. Na hapa ndipo pabaya, kwa sababu mtani hakasiriki. Akitaka kukuambia jambo linalomuuma atalifunga ndani ya utani kama dawa chungu ndani ya tonge la ugali, nawe unatakiwa ulimung'unye. Mimi nilimeza tonge zima.

Alianza kuniomba nikuze maandishi. "Ongeza, ongeza. Hawa Wazaramo wamekaa mbali." Nikaongeza, nikafurahi, maana ukubwa wa maandishi ni jambo ninaloweza kulishughulikia, nikatumia siku kadhaa kutafuta aina ya herufi inayosomeka vizuri ikiwa kubwa. Akaanza kugonga kiti akiingia dukani. Siku moja aliwasalimia wateja wawili wa kike kama "vijana wangu", wakacheka, akacheka nao, nami nikaona ni vituko vyake vya kila siku. Akaanza kuchapa huku kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayetazama mwewe. Nilimtania kwa hilo pia.

Kisha asubuhi moja aliketi, hakugusa kibodi. Dukani tulikuwa wawili tu. Akasema, "Mpagazi, fanya haraka. Macho yangu yanafunga duka."

Nilikuwa nimeshika kipanya, nalinganisha rangi mbili za kijani. Sikugeuka. Nilitafuta jibu, na jibu lilikuja zuri mno, lile linalomfurahisha anayelisema kabla halijatoka.

"Wasiwasi wa nini, babu? Mgogo akipofuka, mtaji umeongezeka."

Kwa wasiojua: kila mtu kwetu huwatania Wagogo kwamba ni ombaomba. Ombaomba kipofu hupata zaidi.

Alicheka. Aliinamisha kichwa akacheka kicheko chake kile kile cha pumzi, akanipigia mkono mezani kukubali kwamba nimemweza. Akasema, "Hilo andika. Andika useme umesema wewe." Kisha akaondoka bila kuchapa neno. Nilibaki nikijisikia vizuri asubuhi yote. Nilikuwa nimemshinda. Nikachagua kijani cha pili.

Aliacha kuja dukani. Nilidhani ananisusia kwa utani, anasubiri nimfuate na jogoo. Nilipanga kwenda siku tovuti ikiwa tayari, nimshtukize. Kwa hiyo nikaendelea kuikamilisha.

Nilikutana na mkewe sokoni, anapanga vibuyu vya asali ya kwao Sikonge kwenye meza ya mwenzake. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia vizuri, nikamuuliza mtani wangu kajificha wapi.

"Yuko nyumbani. Tumerudi hospitali juzi."

"Anaumwa nini, bibi?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Macho. Presha ya macho. Hukuona?"

Nikasema sikujua.

"Alikwambia," alisema. Hakuwa mkali. Alikuwa anapangusa kibuyu kwa upindo wa khanga. "Alirudi siku ile akasema, leo nimemwambia Mpagazi. Nikamuuliza, amesemaje? Akasema, amenijibu vizuri sana." Akakiweka kibuyu chini. "Lile la kulia limekwisha. La kushoto linaona mwanga wa mlangoni tu. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi, na walipaswa kumwona mapema. Mwenyewe hakutaka kwenda mapema. Alisema akienda watamlaza Dodoma, atakosa kuona watu wakimjibu."

Sitasema niliendaje dukani. Nitasema nilichofanya nilipofika, kwa sababu ndicho kinachonitia aibu kuliko yote. Nilifungua notipadi, ile nyeupe tupu. Nikaandika ukurasa mmoja mweupe wenye maandishi meusi, nikaingiza faili lake zima, chini yake nikaweka sehemu ya watu kujibu, ambayo nilichukua iliyotengenezwa tayari. Nikaenda kwenye hostingi ya bure, ya kwanza iliyotokea mbele yangu, yenye tangazo lake dogo pembeni. Nikapakia. Nikatuma kiungo kwenye makundi ya simu ya majirani, ya kigangoni, ya wastaafu wa reli. Nilipomaliza, mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho wakati naanza alikuwa bado hajapata chenji yake. Kazi iliyonishinda tangu kiangazi ilikuwa na urefu huo.

Ilifunguka haraka. Haikuwa na hata picha ya kuichelewesha. Nilitamani ichelewe, ikatike, iwe mbaya, ili angalau niwe nilikuwa na sababu.

Majibu yalianza kuja jioni ile ile. Nilisubiri yafike mengi, na hata hapo, najua, nilikuwa nasubiri yawe mazuri. Kisha Jumapili baada ya misa nikaenda.

Alikuwa ameketi sebuleni, koti la reli amelivaa ingawa kulikuwa na joto, uso ameuelekeza mlangoni. Nilipoziba mwanga wa mlangoni alijua kuna mtu.

"Hodi. Shikamoo babu. Ni mimi, Mpagazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Karibu uketi."

Mwanangu. Kwetu mjukuu hutaniwa na babu yake, mtani hutaniwa na mtani wake. Mwana hataniwi. Niliketi ukingoni mwa kiti. Mkewe akaniletea glasi ya maji juu ya kisahani, kama mgeni.

Nikamwambia tovuti iko hewani. Nikamwambia watu wanasoma. Alinyoosha mkono, nikampa simu, akaisogeza karibu na jicho la kushoto, akaielekeza huku na huku, akapata mwanga, akatulia nao kidogo. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Nisomee, tafadhali," alisema.

Nilianza na ule alioupenda zaidi. "Kwa nini Mnyamwezi hafungi mlango? Kwa sababu mlango ameubeba." Halafu nikasoma jibu la chini yake. "Mnyamwezi wa Urambo ameandika: mlango tuliubeba ili Mgogo asipate pa kubisha akija kuomba unga."

Mtani aliruka kitini. Alipiga goti, akacheka mpaka akakohoa, mkewe akatokea jikoni kuangalia kuna nini.

"Umesikia, Mheshimiwa? Umesikia kaka zako? Mwandikie! Mwandikie huyo wa Urambo: hatukuja kuomba unga, tulikuja kuwarudishia michembe yenu, hivyo viazi vyenu vikavu, imetuvunja meno. Mwambie alete meno. Mwambie nina orodha ya mataya!"

Niliandika. Nikasoma jibu jingine, la Mzaramo, akamjibu vibaya zaidi. La Mhehe, akamjibu habari ya mbwa ambayo siwezi kuirudia hapa. Alikuwa yule yule. Ulimi ulikuwa haujaguswa na lolote. Nikaona kumbe tumepona. Nikainua kichwa nikasema, "Haya babu, na mimi je? Mbona Mpagazi wako hujamtukana leo?"

Alinigeuzia uso. Ulikuwa umekaa pembeni kidogo ya nilipo.

"Wewe umefanya kazi nzuri sana, mwanangu," alisema. "Umejitahidi. Mungu akubariki. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, babu."

"Msalimie sana."

Nikasema nisamehe. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi zaidi, nimeyapanga na kuyapangua tangu sokoni, lakini lilitoka hilo moja. Yeye akasema hakuna kosa, hakuna kosa kabisa, kijana ana kazi nyingi. Alilisema kwa sauti aliyotumia zamani, nadhani, kwa abiria wa daraja la kwanza.

Nilimfuata mkewe jikoni kuaga. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama amenikasirikia.

"Mtani hakasiriki," alisema. "Hajakukasirikia, mwanangu. Anakuheshimu."

Mtani aliposikia naondoka aliinuka kunisindikiza. Nilimwomba asijisumbue, akasema mgeni husindikizwa. Tulikwenda polepole, yeye akipapasa ua wa minyaa kwa mkono wa kushoto, akiniuliza habari za kazi, habari za mvua, kama mahindi ya shambani kwetu yamefika kiunoni. Nilimjibu yote. Kwenye kona tukapeana mikono. Akaniambia niangalie bodaboda, akageuka kurudi.

Nilisimama. Nilijua nikimtukana sasa, tusi la kweli, tusi la Mnyamwezi, itambidi ajibu. Hawezi kuliacha, hata akitaka, ulimi wake hautamruhusu. Nikatafuta. La kwanza lilikuwa habari ya ua na mkono wake, nikaona ni la kikatili. La pili lilikuwa la koti, nikaona ni dogo. La tatu lilikuwa zuri, lilihitaji neno moja tu lihame kutoka mwanzo kwenda mwisho, nikalihamisha, nikalirudisha, nikalihamisha tena, na nilipofumbua mdomo alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika kizingiti, ameingia, na mkewe amefunga.